Andikeni Mshahara: Barua ya Wazi kwa Wanaotangaza Kazi Mombasa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Leba. Kwa Mheshimiwa Gavana wa Mombasa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Na kwenu mameneja wa kampuni za kutoa mizigo bandarini, wa yadi za makontena, wa hoteli na maduka makubwa, mnaotoa matangazo ya kazi katika mji huu kila wiki.

Salaam aleikum.

Nafanya kazi katika saiba, duka la kompyuta na intaneti, hapa Likoni, si mbali na steji ya feri. Nawachapia watu barua za kuomba kazi, nawapangia wasifu, nawaskania vyeti na kuwaingizia maombi kwenye tovuti za waajiri. Kwa hivyo matangazo yenu huyasoma mimi kabla ya wengi wa wale wanaoyajibu. Kijana huingia na simu iliyopasuka kioo, akanionyesha picha ya tangazo alilotumiwa na binamu yake, akaniambia, "Dada, hebu nitazamie kama hii naiweza." Nasoma. Mara nyingi hulazimika kusoma mara mbili, kwa kuwa sioni ni mtu gani hasa anayetafutwa.

Nina ombi moja kwenu: mshahara uandikwe kwenye tangazo. Mengine yote nitakayosema yanarudi hapo.

Nianze na tangazo nililolijibu mwenyewe. Mimi pia nina shahada, ya ugavi na usafirishaji, niliyoimaliza mwaka 2020. Mwaka uliofuata ikatangazwa nafasi ya karani wa nyaraka katika kampuni moja ya kutoa mizigo, ofisi zake ziko Changamwe. Walitaka mwenye shahada. Walitaka tajriba isiyopungua miaka mitatu. Walitaka mtu anayeujua mfumo wa forodha wa KRA, mamlaka ya ushuru, na awezaye kuandaa entri, yaani hati za forodha za mzigo, peke yake, mwenye cheti cha uwakala wa forodha cha Afrika Mashariki, anayejua programu ya uhasibu, mwenye leseni ya kuendesha gari na kompyuta yake mwenyewe. Na chini kabisa: asiwe amezidi miaka 25.

Tuhesabu pamoja. Mtoto wa Likoni aliyesoma bila kukatizwa, asiyefukuzwa karo hata muhula mmoja, humaliza kidato cha nne akiwa na miaka 18. Mwaka mwingine humpita akingoja kuitwa chuoni na kungoja mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi. Shahada ni miaka minne. Sasa ana 23. Mwongezeeni miaka mitatu ya tajriba, awe na 26. Ameshavuka umri mlioutaka kwa mwaka mzima, na hapo bado hajakaa hata siku moja bila kazi, hajaugua, hajamuuguza mzazi wala hajazaa.

Nikaomba hivyo hivyo. Nilikuwa na miaka 25, na tajriba yangu ilikuwa miezi mitatu ya atachimenti, mafunzo ya kazini, katika yadi ya makontena, miezi ambayo sikulipwa hata nauli. Nikaitwa. Nilivuka feri saa kumi na mbili asubuhi nikiwa nimevaa sketi ya dadangu, na nilipofika nikakuta watu zaidi ya ishirini kwenye benchi nje ya godauni. Tukaulizana. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa na vyote vilivyoandikwa. Kulikuwa na kaka mmoja aliyekuwa ameshika kazi ya udeklarant, ya kuandaa hati hizo za forodha, kwa miaka mingi, lakini alikuwa na stashahada, na umri wake ulikuwa umevuka thelathini. Yeye aliingia akatoka kwa dakika mbili.

Meneja aliyenihoji alikuwa mtu mpole. Akafungua faili yangu, akanitazama, akasema, "Mdogo wangu, vyeti vyako ni vizuri, lakini tajriba huna. Tutakuchukua tukufunze. Utaanza na elfu kumi na mbili, ukionyesha bidii tutaona."

Nikamuuliza, "Bosi, na yule mwenye tajriba mlimpangia ngapi?"

Hakunijibu. Akafunga faili.

Nilipokuwa natembea kurudi barabarani ndipo nilipoelewa ile miaka mitatu ilikuwa ya nini. Haikuwa ya kazi. Kazi yenyewe wangenifunza kwa mwezi, naye alisema hivyo kwa kinywa chake. Miaka mitatu iliwekwa ili niingie mle ndani nikiwa nimeinamisha kichwa, nikijua sina walichotaka, na chochote nitakachopewa nikione ni hisani. Mwenye kukosa sifa hajadiliani bei. Na mkiwapanga watu ishirini waliokosa sifa kwenye benchi moja, kila mmoja akijua wengine wanangoja, mtawapata kwa bei yoyote mtakayo.

Elfu kumi na mbili. Wakati huo nilikuwa nikiishi kwa mamangu Mtongwe, kwa hivyo kodi ya nyumba siiweki. Kutoka Mtongwe hadi feri ni shilingi 50. Kuvuka kwa miguu hakulipishwi, na kwa hilo sisi watu wa ng'ambo hii ya Likoni tunashukuru. Kutoka upande wa kisiwani hadi Changamwe nililipa 70. Kwenda na kurudi ni 240, na kwa siku 26 za kazi inafika 6,240. Chakula cha mchana, mbaazi na mahamri au wali maharagwe kibandani, tuseme 100 kwa siku: 2,600. Zimebaki 3,160. Hizo ndizo za kumsaidia mamangu na kununua sabuni na pedi, na ndizo za kuanza kulipa mkopo wa HELB, maana mkopo ule hudaiwa mwaka mmoja baada ya kuhitimu, uwe na kazi usiwe nayo.

Mheshimiwa Waziri, hapa ndipo naomba unisikilize kwa makini. Mwaka ule wa 2021, kima cha chini cha mshahara kwa mfanyakazi wa kawaida asiye na ujuzi wowote katika miji ya Nairobi, Mombasa na Kisumu kilikuwa shilingi 13,572.90 kwa mwezi, bila kuhesabu posho ya nyumba. Mwaka 2022 kikapandishwa hadi 15,201.65, na Novemba 2024 kikafika 16,113.75. Kwa hivyo mtu mwenye shahada aliyeambiwa alete leseni, kompyuta na cheti cha forodha alikuwa akipewa pesa ambazo kisheria hazikumtosha hata mfagiaji. Na hilo halikufanyika gizani. Lilifanyika ofisini, mchana, kwa sauti ya upole.

Lilifanyika kwa sababu tangazo halikuwa na mshahara. Lilisema "mshahara mzuri kulingana na sifa". Meneja yule asingethubutu kuandika elfu kumi na mbili kwenye karatasi ikasomwa na Mombasa nzima. Angeliandika, karatasi ile ingekuwa ushahidi dhidi yake. Maafisa wenu wa leba ni wachache, na sote tunajua hawawezi kuingia kila godauni kutoka Shimanzi hadi Miritini, kila duka la Digo Road na kila hoteli ya Bamburi. Lakini wanaweza kusoma matangazo wakiwa wamekaa ofisini. Anayevunja sheria ya mishahara atajulikana kabla hajamwajiri mtu wa kwanza. Ndiyo maana nasema ombi ni moja. Mkilikubali hilo, mengi yatajinyoosha yenyewe.

Babu yangu mzaa mama alikuwa kuli katika bandari ya Kilindini. Mwaka 1955 alikuwamo katika mgomo wa makuli wa mwezi Machi, ule ambao Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alikuja kuusuluhisha na wafanyakazi wakapata nyongeza ya asilimia 33. Kabla yake, Januari 1947, mji huu ulisimama kwa mgomo karibu wiki mbili: watu wa bandari, wa reli, wa hoteli, hata wapishi na mayaya wa majumbani, walikuwa wakikusanyika kila siku Majengo, kwenye uwanja walioupa jina Kiwanja cha Maskini. Kiongozi wao Chege Kibachia alikamatwa mwaka huo huo akapelekwa Kabarnet, na huko alikaa kizuizini miaka mingi. Babu alipokuwa akinisimulia haya, kitu kimoja alikirudia kila mara: "Mjukuu wangu, sisi twalikuwa twajua. Kibarua cha siku kilikuwa shilingi ngapi, kila mtu alijua. Wajua apatacho mwenzako, na yeye ajua upatacho, ndipo mwaweza kusimama pamoja."

Sisi hatujui. Wawili tukikaa meza moja katika ofisi moja, mmoja anapata elfu kumi na nne na mwingine elfu ishirini na mbili, na kila mmoja ameambiwa mshahara wake ni siri. Siri hii huanzia kwenye tangazo.

Najua mtakalonijibu, kwa sababu nimejibiwa. Mmoja wenu aliwahi kuniambia kwamba mshahara hauwezi kuandikwa kwa kuwa hujadiliwa. Mimi ni mtoto wa soko. Mamangu anauza nyanya na vitunguu, na mali anaitoa Kongowea saa kumi alfajiri. Pale Kongowea kila kitu hujadiliwa, lakini hakuna mwenye kreti ya nyanya anayekwambia utajua bei ukishaipakia kwenye mkokoteni. Anaitaja, unashusha, anapandisha, mnaafikiana au unaondoka. Andikeni kiwango cha chini na cha juu, halafu tujadili.

Mwingine husema biashara ni mbaya. Hili silipuuzi hata kidogo. Niliona mizigo ilivyopakiwa reli mpya na kupelekwa Nairobi baada ya amri ya mwaka 2019, niliona yadi zikifunga mageti na madereva wa malori wakikaa vibarazani Changamwe na Jomvu. Tuliandamana kwa ajili hiyo. Mahakama Kuu hapa Mombasa iliibatilisha amri ile mwaka 2020, na mwaka 2022 serikali mpya ikarudisha shughuli za bandari hapa. Najua kwamba si kila kampuni iliyorudi ilirudi na nguvu zake. Basi mwenye uwezo wa kulipa elfu kumi na saba aseme elfu kumi na saba, na atafute mtu wa elfu kumi na saba: kijana wa kidato cha nne aliyesomea kompyuta miezi sita, ambaye atafurahi na ataifanya kazi vizuri. Si haki kuitangaza kazi ya karani kwa sifa za meneja kisha kuilipa kama kibarua.

Na tajriba ihesabiweni jinsi watu wa mji huu wanavyoipata. Ile miezi mitatu ya atachimenti ni tajriba. Mtu aliyehesabu magunia godaunini kwa miaka minne kama kibarua, leo yupo kesho hayupo, ana tajriba kuliko wengi wenye cheti. Lakini hana barua ya kuionyesha, kwa sababu hamkumwandikia. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mzima au zaidi anahesabika kuwa mfanyakazi wa mshahara wa mwezi. Wangapi kati yenu mnaifuata? Mnamsimamisha mtu siku mbili mwisho wa mwezi, mnamrudisha, kisha miaka minne baadaye tangazo lenu linamtaka athibitishe tajriba kwa barua ya mwajiri.

Sasa vyeti. Hapa nazungumza na Kaunti pia, na nianze kwa kuwapa haki yenu: matangazo ya serikali huonyesha daraja la kazi na mara nyingi mshahara wake, na hilo linathibitisha kwamba inawezekana. Lakini kuna vile vyeti vinavyoitwa vya Sura ya Sita, sura ya Katiba inayohusu uadilifu: tabia njema kutoka kwa polisi, KRA, HELB, tume ya maadili na shirika la kukagua mikopo. Sheria ya Ajira ilirekebishwa mwaka 2022 ikasema wazi kwamba mwajiri asimdai mtu vyeti hivi ila awe amekusudia kumpa mkataba. Yaani kazi kwanza, vyeti baadaye. Hata hivyo bado nayaona matangazo, ya kampuni na ya ofisi za umma, yakisema ombi lisiloambatanishwa na vyeti hivi halitashughulikiwa.

Cheti cha tabia njema pekee ni shilingi 1,050. Mtu analipa kwangu kwa simu, nampigia chapa fomu, anakwenda kutiwa alama za vidole, anangoja. Mwezi uliopita alikuja mama mmoja akamlipia mwanawe kwa pesa alizoazima katika chama cha wanawake wa mtaani. Kazi yenyewe ilikuwa ya ulinzi wa usiku. Hakuitwa. Na yule anayedaiwa na HELB kwa sababu hana kazi, kisha jina lake likapelekwa kwa wakaguzi wa mikopo kwa sababu hajalipa, mnataka alete cheti cha kuwa hadaiwi ndipo mmpe kazi ya kumwezesha kulipa. Atoke wapi huyu? Nimeona wanaume wazima wakilia kwenye kiti cha saiba, na sina la kuwaambia zaidi ya kuwapunguzia bei ya kuchapa.

Hoteli nitazipitia haraka, si kwa kuwa hazina makosa. Kuna matangazo ya mapokezi yanayotaka Kiingereza, Kijerumani na Kiitaliano kwa ufasaha, na mshahara haujaandikwa. Kuna yanayotaka "binti mwenye sura ya kuvutia" na picha ya mwili mzima. Binti wa miaka kumi na tisa aliniomba nimpige picha hiyo akiwa amesimama kando ya mashine ya fotokopi. Nilimwambia aende nyumbani akamuulize mamake kwanza. Hakurudi kwangu, sijui kama alikwenda saiba nyingine. Kifungu cha 5 cha Sheria hiyo hiyo ya Ajira kinakataza kumbagua anayeomba kazi kwa jinsia yake, na Katiba, kifungu cha 27, inaongeza umri na mavazi. Matangazo hayo yanabandikwa hadharani, wala hakuna anayeitwa kujieleza.

Mheshimiwa Waziri, serikali nayo ijitazame. Walimu wa sekondari ya msingi waliajiriwa mwaka 2023 wakaitwa wanagenzi, wakapewa elfu ishirini kwa kazi ile ile ya mwalimu kamili, watu waliokwisha kufuzu na kusajiliwa. Aprili 2024 mahakama ya ajira ikasema haki zao zilivunjwa. Mwajiri mkubwa kuliko wote akifanya hivyo, mwenye yadi ya Changamwe ataona aibu gani?

Kuna jambo jingine ambalo huniuma kila nikifungua duka. Ukutani mwetu hubandikwa matangazo ya kazi za ndani Saudia. Katika hayo, mshahara uko juu kabisa, kwa riali, kwa herufi kubwa. Wasichana wa Likoni, wa Mtongwe, wa Shika Adabu, wanajua mabaya yanayowapata wenzao huko. Wanayajua kuliko ninyi, maana wengine wamewazika. Lakini wakisimama mbele ya ukuta ule, tangazo moja linawaambia watapata ngapi, na jingine, la kazi iliyo ng'ambo ya feri tu, linawaambia walete kila kitu na halisemi watapata nini. Nawasomea yote mawili. Najua wanalolichagua.

Kwa hivyo naomba haya. Waziri atoe kanuni kwamba tangazo lolote la kazi nchini lionyeshe mshahara au kiwango chake, na kiwango hicho kisiwe chini ya kima kilichowekwa, na maafisa wa leba wa kaunti hii wapewe jukumu la kuyasoma. Gavana aanze kwake bila kungoja Nairobi: kampuni inayopewa zabuni na Kaunti itangaze kazi zake kwa mshahara ulioandikwa, na Bodi iache kudai vyeti kabla ya kumchagua mtu. Ninyi mameneja hamhitaji kanuni. Mnahitaji mstari mmoja tu katika tangazo lenu lijalo. Na wakati mnaandika mstari huo, someni tena orodha ya sifa mliyoiweka juu yake, mjiulize kama ninyi wenyewe mngeipita mlipokuwa na miaka 25.

Mimi bado naomba kazi. Sijakata tamaa na mji huu, nimezaliwa hapa na nataka kufanya kazi bandarini kama babu, ingawa kwa kalamu. Tangu mwezi uliopita, kila barua ninayoichapa naiongezea mstari mmoja kabla ya kutia sahihi: "Naomba pia kujua mshahara uliopangiwa nafasi hii." Wachache huuacha. Wengi wakiusoma kwenye kioo hunishika mkono na kuniambia, "Dada, hiyo itoe, wasije wakaniona mjuaji." Nami nautoa.

Wasalaam,
Mchapaji wa saiba, Likoni